Nilivyopeleka lager ukweni Buganguzi ndani ya kibuyu, gesi ikataka kuniachanisha na mchumba

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Leo nimepata nafasi, nikaona niwawekee humu jambo lililonipata mimi mwenyewe. Sijasimuliwa na mtu. Mambo yalikwenda hivi hivi nitakavyoandika, nimebadili majina tu, maana siku hizi hata wazee wa Muleba wana smartphone.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Mhaya wa Bilele, Bukoba mjini. Nina duka la vifaa vya umeme. Sina makuu, ila nina ugonjwa mmoja: lager.

Siongelei bia ya kulewa. Naongelea lager za wale jamaa wanaopika kidogo kidogo, craft, ambapo ukinusa unasikia nafaka na ukimeza unasikia uchungu mdogo unakuja nyuma.

Najua kuna watu washaanza kuandika "bia ni bia tu mkuu". Sawa. Nyie endeleeni na zenu zinazoanikwa juani mlangoni mwa duka.

Nina rafiki yangu, tumwite Respi, ana kiwanda kidogo Maruku, kwenye kibanja, yaani shamba la migomba, la wazazi wake. Leseni anazo zote, msinianzishie. Kila Jumamosi nikifunga duka mapema naenda kumsaidia. Naosha matangi, najaza chupa, nafunga vizibo. Malipo yangu mnayajua.

Huko ndiko nilikojifunza habari za gesi, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana bila hili uzi hautaeleweka.

Gesi inakaa kwenye bia kwa sababu mbili, baridi na kufungiwa. Bia ikipata joto, gesi inataka kutoka. Ukiitikisa, inataka kutoka. Ukiihamisha kwenda chombo kingine, sehemu yake imeshakwenda hapo hapo. Ndiyo maana chupa ya kioo yenye kizibo cha bati inaitunza vizuri. Kopo nalo linaitunza, tena hata mwanga haupiti. Ile ya plastiki inaivujisha polepole hata kama hujaigusa.

Halafu kuna kumimina. Unainamisha glasi, unaiteremsha bia ubavuni taratibu, ukifika kati unaisimamisha glasi na kumimina katikati. Povu linapanda vidole viwili. Watu wengi wanaliona povu lile kama hasara. Si hasara, wakuu. Ni gesi inayotokea kwenye glasi badala ya kwenda kutokea tumboni. Anayemimina bila povu anameza puto.

Haya, tuendelee.

Nilikuwa na mchumba, Asimwe, mwalimu wa sekondari, kwao Buganguzi, Muleba. Tulijuana alipokuja dukani kurudisha pasi. Yeye anasema niliuza mbovu, mimi nasema aliichomeka vibaya. Tulibishana mpaka nikafunga duka nikiwa bado nambishia, mengine malizieni wenyewe.

Ikafika siku ya kwenda kwao rasmi.

Sasa baba yake, Ta Laurenti, ni mzee wa kibanja hasa. Kahawa, migomba, misa kila Jumapili, neno moja moja. Na kwenye ukoo wao pombe ya mkwe ina sheria yake. Pombe inakuja kwenye kibuyu, imezibwa kwa jani la mgomba, imebebwa na dada wa muoaji. Mzee anaonja wa kwanza. Akiikubali anampa muoaji anywe kutoka chombo kile kile, na hapo ndipo maneno mengine yanaanza. Asipoikubali anaiweka chini kwenye nyasi zilizotandikwa, na wageni wanarudi kwao na pombe yao.

Na kubwa kuliko yote, pombe lazima iwe ya mkono wenu. Ya kununua haipandi pale.

Asimwe alinieleza hayo bila kupaka mafuta. Kabla yangu kulikuwa na jamaa mwingine aliyefika mpaka pale. Walileta lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ila walikuwa wameinunua. Mzee alionja mara moja, akauliza nani alizikanyaga ndizi. Wakatazamana. Wakarudishwa, na hawakuonekana tena.

Akaniambia hivi: "Nikirudishiwa watu mara ya pili, mimi sikai pale kusubiri wa tatu. Mwanza kuna shule inanitaka, nitaondoka na habari za kuolewa ziishe."

Wakuu, yule mtu hatanii. Alishawahi kuniacha stendi kwa sababu nilichelewa kidogo tu.

Kwa hiyo tatizo langu likawa pombe. Sisi wa Bilele tuna migomba michache nyuma ya nyumba, tena ya ndizi za kupika. Baba yangu alishatangulia mbele za haki, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kukanyaga ndizi za pombe. Mjomba wangu Projestus, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, akasema tununue lubisi nzuri tukae kimya. Nikamkumbusha yaliyowapata wenzetu.

Ndipo akili ikanijia. Pombe ya mkono wangu si ninayo! Ile lager ya Maruku nimeipika na Respi mwanzo hadi mwisho, kuanzia kuloweka nafaka.

Mjomba aliwaza kwa muda mrefu. Mwisho akakubali, kwa sharti moja. Iende kwenye kibuyu. Alisema ukifika kwa mkwe na chupa, hata ungekuwa umeitengeneza wewe hiyo chupa, utaonekana umepitia baa.

Mimi, ninayewafundisha hapa habari za gesi, nikasema sawa.

Respi alinitazama kama anamtazama mtu anayeuza mbuzi wake ili anunue kamba. Akasema nitaiua ile bia. Nikamwambia nitaziba vizuri. Asubuhi tukamimina lager baridi kabisa kwenye vibuyu viwili vya mama yake, nikasokomeza majani ya mgomba, juu nikakaza kwa mpira wa baiskeli. Kazi ilipendeza kwa macho.

Tulipokuwa tunaondoka, Respi akatupia kreti moja ya chupa kwenye buti ya gari. Akasema ni za vijana na dereva, maana sherehe haikosi watu wa nje. Sikubishana naye.

Tulikodi Noah. Mjomba mbele na kanzu yake nyeupe na koti jeusi, amenyooka kama padre. Mimi katikati. Dada yangu nyuma amekumbatia kibuyu kimoja, kingine nimekishika mwenyewe.

Tulipita Kemondo salama. Jua likaanza kuchoma, gari likapata joto, na mimi nikaanza kusikia kibuyu changu kinanong'ona. Ssss. Nikakaza mpira. Kikanyamaza. Nikajipongeza.

Kabla ya kufika Muleba mjini, zibo likaruka.

Wakuu, jani lilipiga dari la gari, likarudi likatua begani kwa mjomba, na bia ikafuata nyuma yake. Nusu ya kibuyu ilikwenda kwenye koti. Dereva akadhani tairi limepasuka, akapaki pembeni. Mjomba hakugeuka, bia inamdondoka sikioni, akasema kwa upole sana kwamba anashukuru hawakumvalisha koti la kuazima.

Dada yangu akalegeza zibo la kibuyu chake ili yasimkute hayo hayo. Gesi ikatoka yote, polepole, na povu likamwaga karibu nusu. Tukaunganisha kilichobaki kwenye kibuyu kimoja. Kilijaa, angalau.

Tukaacha lami. Njia ya kwenda Buganguzi ilikuwa imechimbika kwa mvua, tukatikiswa vya kutosha. Nilionja kidogo tulipokuwa tunakaribia. Ilikuwa na vuguvugu, haina hata tone la gesi, na ndani ya kibuyu kulikuwa na harufu ya lubisi ya zamani iliyoingia kwenye lager yangu. Nikamwangalia mjomba, mjomba akatazama dirishani. Tukajifanya hatujui.

Tulipokewa vizuri. Nyasi zimetandikwa, watu wamejaa, tukapewa kamwani tutafune, zile punje za kahawa za kumkaribishia mgeni. Asimwe alikuwa chumba cha ndani na shangazi yake, Ma Adventina. Siku hiyo bibi harusi mtarajiwa hatakiwi kuonekana wala kusikika mpaka aitwe.

Mjomba akasalimia, "Kasinge waitu," akaeleza ujumbe wetu kwa maneno mazuri, harufu ya bia ikitoka kwenye koti. Dada akapiga magoti akaweka kibuyu. Ta Laurenti akamiminiwa kwenye kibuyu kidogo cha kunywea.

Akavuta funda moja. Akakaa nalo mdomoni. Akalimeza kama anayemeza dawa ili asimuudhi daktari.

Akauliza nani kaipika. Mjomba akasema kijana wetu mwenyewe, kwa mkono wake.

"Na yeye huinywa hivi?"

Mjomba akasema ndiyo waitu, hivi hivi.

Mzee akanitazama. Alinitazama vya kutosha. Halafu akainama, akakiweka kile chombo chini kwenye nyasi.

"Basi rudini nayo," akasema. "Siku akiwa na pombe anayoinywa mwenyewe, mje."

Mjomba akaanza kukusanya koti lake. Nilifikiria Asimwe yuko nyuma ya ukuta ule, amesikia kila neno, na Mwanza ipo, na shule inamtaka. Niliogopa kweli. Sikumbuki kama nimewahi kuogopa hivyo.

Muoaji haruhusiwi kuongea siku hiyo. Msemaji ni mmoja. Nikasimama. Mjomba akanivuta kanzu, nikaendelea kusimama.

Nikasema, "Tata, naomba msamaha kwa kusema. Siinywi hivi."

Akauliza naitumiaje basi. Nikamwambia iko kwenye chupa, chupa ziko kwenye gari. Wazee wawili watatu wakaguna. Mzee akasema chupa ni ya baa. Nikamwambia hizi niliziosha mimi, nikazijaza mimi, nikazifunga vizibo mimi, na kwamba kibuyu ndicho kilichoharibu, kwa sababu bia hii ina pumzi na kibuyu hakiwezi kuishika pumzi yake.

Akaniambia nilete moja.

Chupa zile zilikuwa bado hazijabandikwa lebo. Chupa tupu ya kahawia, haina jina wala picha. Nadhani hilo lilinisaidia. Aliigeuza geuza, akapitisha ukucha kwenye kizibo, akakivuta kikagoma. Akaniambia nifungue.

Na hapo, wakuu, ikabidi nimkatalie.

Maana chupa imetoka Maruku mpaka pale kwa barabara ile, ina joto na imetikisika. Ningeifungua pale pale, ningemwogesha baba mkwe kama nilivyomwogesha mjomba. Nikamwambia naomba ipumzike kwanza kwenye maji baridi. Mjomba akafumba macho.

Ma Adventina ndiye aliyeniokoa. Alitoka ndani na beseni la maji yaliyochotwa chemchemini, akaliweka mbele yangu bila neno. Nikazilaza chupa humo taratibu.

Tukasubiri. Wazee wakaongea habari za mnyauko wa migomba, kibanja cha nani kimeliwa, nani kang'oa, nani kapanda upya. Hakuna aliyetaja bia. Nilikuwa nashika chupa moja kila baada ya muda kama mama anayepima homa ya mtoto. Ilipoanza kuuma vidole, nikasema tayari.

Wakaleta glasi za kabatini. Nikaomba maji nizisuuze, maana glasi yenye mafuta mafuta inaua povu. Mzee alikuwa ananifuata kwa macho kila ninachofanya.

Nikafungua. Ikatoa pumzi fupi tu. Nikamimina nilivyozoea, ubavuni, kisha katikati, povu likapanda jeupe zuri vidole viwili. Nikampa kwa mikono miwili.

Mzee akaitazama ile glasi.

"Umenipunja," akasema. "Huku juu kote ni hewa."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyie, kwamba bora hewa itokee pale kuliko tumboni. Akasema kwake hata mgeni hujaziwa mpaka mdomoni, sembuse yeye mwenye nyumba. Nijaze.

Mngefanyaje? Nilijaza. Nilichukua glasi nyingine, nikaiinamisha, nikateremsha bia kama mafuta, bila hata kiputo, mpaka ikafika ukingoni. Bia haina povu, gesi yote imo ndani. Nikampa.

Akainywa kama anavyokunywa lubisi. Mafunda makubwa, bila kupumzika, mpaka chini.

Macho yakamfunguka. Aliitazama glasi, akanitazama, akaketi vizuri kwenye kiti. Nikaona kabisa kuwa ameipenda. Akasafisha koo, akainua mkono watu wanyamaze, na akaanza hotuba yake ya jibu.

"Mbwenu, wageni wetu. Sisi wa ukoo huu, tangu babu zetu..."

Ikatoka mbweu. Si ndogo. Ilitoka ndefu, ya chini, ya kuzunguka sebule yote.

Baba mkwe, mbele ya wakwe, siku ya kwanza. Hakuna aliyesogea. Mjomba alianza kuchunguza kifungo cha koti. Mzee akajikaza, akaanza upya, "tangu babu zetu," ikatoka nyingine.

Halafu nikasikia kicheko kutoka chumba cha ndani. Nakijua kile kicheko. Asimwe, ambaye hakutakiwa kusikika siku nzima, alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi.

Ma Adventina akasema palepale mlangoni, kwa utulivu: "Kaka, tumbo limeshakujibia."

Mzee mwenyewe mabega yakaanza kutikisika. Akacheka, na alipocheka ndipo nyumba nzima ikaruhusiwa kucheka. Mjomba wangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa koti lenye bia.

Mzee akanirudishia glasi. Akasema, "Nimiminie kwa namna yako."

Nikamimina na povu lake. Safari hii alikunywa polepole. Akafuta povu kwenye masharubu, akanipa ile ile glasi, nami nikanywa. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilikunywa lakini sikusikia ladha yoyote, wakuu, kwa furaha.

Jioni alitusindikiza mpaka kwenye gari. Akanishika mkono akanivuta kando.

Akaniambia kwamba wale wa kwanza aliwarudisha kwa sababu hawakuijua pombe yao. "Wewe uliijua. Ukaiua ili unifurahishe mimi. Nikajiuliza, huyu akikaa na binti yangu, atakuwa anamwambia kweli, au atakuwa anamwambia yale anayodhani watu wanataka? Usiniogope hivyo tena."

Nikamshukuru, mwakola waitu, nikapanda gari.

Tulifunga ndoa baada ya Pasaka. Siku moja tumekaa nyumbani nikamuuliza Asimwe kwa nini alicheka vile siku ile, hakuogopa kuiharibu? Akasema hakukuwa na cha kuharibu tena. Baba yake alipoweka kile chombo kwenye nyasi, yeye alishusha kutoka juu ya kabati begi la Mwanza, lililokuwa na nguo tayari. Aliposikia nimesimama nasema siinywi hivi, alikuwa ameshatia nguo ya mwisho. Akaacha kufunga zipu ili asikilize.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba bia iache kwenye chombo kinachoweza kuitunza, iache ipumzike ikitoka safari, mimina na povu, na usimsikilize anayesema amepunjwa. Na ukienda ukweni, nenda na kile unachokijua wewe. Wazee wale wanaonja zaidi ya pombe.

Sasa nyie. Nani mwingine alishawahi kujitia aibu ukweni kwa kutaka kuonekana? Na wale wa "bia ni bia" bado mpo? Njooni mseme, nipo hapa nasoma zote. Ila anayemimina bila povu atuambie kwanza tumbo lake linaendeleaje.